Mti uliopinda bado unaweza kutengenezwa

Tunaandika kutoka Lubumbashi.

Katika uwanja wa kanisa letu kuna fikusi ndogo ndani ya chungu. Mama mmoja wa kikundi cha maombi alituachia alipohama, akatuomba tusiuache mti wake ufe. Haukufa, lakini hatukuutunza. Shina lilirefuka bila majani, matawi yakakwaruzana, upande mmoja ukaelemea. Siku moja ya usafi wengine walisema utupwe. Tuliomba muda, kama yule mtunza shamba wa Luka 13. Leo tunawaeleza tuliyojifunza.

Wajapani wana ufundi wa kulea mti mdogo ndani ya chombo, unaoitwa bonsai. Si mbegu ya pekee. Ni mti wa kawaida unaozuiwa kwa kukatwa. Fikusi, ndugu ya mkuyu na mtini, inafaa kwa sababu huchipua hata kwenye shina kuukuu.

Kwanza, tazama kabla ya kukata. Zungusha chungu, tafuta upande ambao shina na mizizi huonekana vizuri. Huo ndio uso wa mti. Kisha tafuta makosa: matawi yanayopishana, yanayorudi ndani, au mawili yanayotoka mahali pamoja.

Pili, ngoja wakati. Hapa kwetu, kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, mwezi wa 6 na wa 7 kuna baridi, na mti hulala. Tulikata mwezi wa 11, mvua zilipoanza. Shina tulilifupisha hadi theluthi yake. Utomvu mweupe ulitoka; tuliuosha kwa maji. Baada ya majuma machache machipukizi yalitokea chini.

Tatu, usiharakishe kuondoa kila kilicho kibaya. Tawi linaloachwa likue bila kukatwa hunenepesha shina lililo chini yake. Tuliacha tawi moja la chini, refu na lisilopendeza, kwa miaka miwili. Lilipomaliza kazi yake ndipo tukalikata.

Nne, waya. Mji wetu ni wa shaba, na vipande vya waya ya umeme kuukuu havikosekani. Vua plastiki, pasha waya motoni, uache upoe. Unakuwa laini, na ukiukunja unakuwa mgumu tena. Unene wake uwe kama theluthi ya tawi. Uzungushe kwa mshazari, kisha pinda tawi polepole.

Hapa tulikosea. Tulifunga waya, tukausahau. Tawi lilinenepa, waya ukazama katika gome. Waya wakaguliwe kila juma, na ukianza kubana, ukatwe vipande vipande. Usiufungue kwa kuuzungusha, utavunja tawi.

Tano, udongo. Udongo wa kichuguu ni mzuri kwa matofali, lakini ndani ya chungu hushika maji na mizizi huoza. Sisi tulichanganya mchanga mkubwa, matofali yaliyopondwa na mbolea kidogo iliyooza vizuri. Ndugu wa Goma mmebarikiwa: yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, yakipondwa na kuchekechwa, yanafaa sana. Chungu kiwe na tundu chini. Usikate mizizi na matawi mengi kwa msimu mmoja. Mti una nguvu ya jeraha moja kubwa, si mawili.

Sasa mti wetu una matawi matatu na kivuli kidogo. Kovu la waya bado lipo, nasi hatulifichi. Vijana wakiuliza, tunawaambia kwamba mti haukuharibika kwa ubaya wake. Uliharibika kwa sababu sisi tuliufunga halafu hatukurudi kuutazama. Wazazi, walimu na wazee wa kanisa, tunaowaongoza watoto wa watu, tulikumbuke hilo.

Mama yule tumemtumia picha. Tunangoja arudi auone.