Picha Isimdanganye Mteja Wako

Akina mama wengi wanaoshona magauni ya vitenge au kutengeneza batiki nyumbani hawangoji tena mteja apite mlangoni. Hupiga picha kwa simu na kuituma, na mteja wa mji mwingine hulipa kabla hajaigusa nguo. Kipato hicho kinasaidia karo na chakula cha familia. Lakini, dada mpendwa, kumbuka kwamba mteja huyo anaijua nguo yako kwa picha tu. Akiagiza sare ya harusi ya rangi ya damu ya mzee, akaletewa nyekundu, harusi haiwezi kumsubiri. Utarudisha fedha, na pengine hatanunua kwako tena.

Je, kosa hili hutoka wapi? Mara nyingi muuzaji hakukusudia kudanganya. Kosa limetoka kwenye mwanga.

Mwanga nao una rangi

Balbu ya kawaida ya zamani hutoa mwanga wa manjano. Jua la mchana hutoa mwanga mweupe, na kivulini chini ya anga wazi mwanga huelekea bluu. Wataalamu huupima kwa Kelvini: balbu hiyo ni kama 2,700, jua la mchana ni kama 5,500, na kivuli huweza kupita 7,000. Macho yetu huzoea haraka, ndiyo maana shuka jeupe tunaliona jeupe mchana na usiku. Kamera hukisia tu, na mara nyingine hukosea.

Mwaka 2015 mama mmoja wa Uingereza alipiga picha ya gauni alilokusudia kuvaa kwenye harusi ya binti yake, akamtumia. Wengine waliiona picha hiyo kuwa ya nguo nyeupe na dhahabu, wengine bluu na nyeusi, na ubishi ukaenea dunia nzima. Gauni lenyewe lilikuwa bluu na nyeusi.

Kamera hukosea pia katika kupima giza na mwanga. Gauni jeusi likijaza picha, kamera huongeza mwanga na weusi hugeuka kijivu. Gauni jeupe nalo hufifishwa, likaonekana kama halikufuliwa vizuri.

Mambo ya kufanya

1. Chagua mahali pamoja, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja au barazani penye kivuli, na upige picha zote hapo kwa saa zile zile.

2. Zima taa zote. Mwanga wa balbu ukichanganyika na wa dirishani, upande mmoja wa gauni huwa wa manjano na mwingine wa bluu.

3. Nyuma ya nguo tandika shuka jeupe lisilo na maua. Ukuta wa kijani hurusha ukijani wake juu ya kitambaa.

4. Upande wenye giza simamisha kadibodi nyeupe ili irudishe mwanga.

5. Weka karatasi nyeupe kando ya nguo katika picha ya kwanza. Ikiwa karatasi inaonekana ya manjano au bluu, rekebisha rangi ya mwanga kwenye simu mpaka iwe nyeupe. Usibadilishe tena mpangilio huo mpaka umalize nguo zote, ila mwanga ukibadilika.

6. Kwenye simu nyingi, ukibonyeza kidole juu ya nguo na kukishikilia, kipimo cha mwanga hutulia. Usitumie flashi wala mapambo ya kubadili rangi.

7. Kabla ya kutuma, shika nguo yenyewe kando ya simu, karibu na dirisha, uvilinganishe.

Hata baada ya hayo yote, simu ya mteja huweza kuonyesha rangi tofauti kidogo na yako. Kwa hiyo andika jina la rangi kwa maneno, na upige picha nyingine ya karibu inayoonyesha nyuzi. Kwa sare ya watu wengi, mtumie kwanza kipande kidogo cha kitambaa. Nauli ya kipande hicho ni ndogo kuliko hasara ya magauni ishirini yaliyokataliwa.

Mteja aliyepokea kile alichokiona atarudi, tena atawaleta dada zake.