Haba na Haba Hujaza Picha: Nyota za Usiku Katika Nchi ya Kimondo

Mji wa Tunduma haulali. Usiku kucha malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni kando ya barabara kuu, taa za maduka na za vituo vya mafuta huwaka hadi alfajiri, na mtu akiinua uso juu huhesabu nyota chache tu, kana kwamba nyingine zimekwisha kuvuka mpaka na kwenda zake Nakonde. Lakini msafiri akiuacha mji huo, akashika barabara ya kuelekea Vwawa na Mlowo, kisha akakata kuingia katika mashamba ya kahawa ya Mbozi, hukuta anga nyingine kabisa. Katika miezi ya kiangazi, tangu Juni hadi Agosti, Njia ya Maziwa hutanda juu ya mapaa ya nyumba kama moshi wa jikoni uliosahau kuondoka.

Ni chini ya anga hiyo, mwishoni mwa Julai, katika usiku usio na mwezi, ndipo mwandishi wa makala haya alipofunzwa somo asilolitarajia, pamoja na mpwa wake aliye mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kijana huyo aliiegemeza simu ya mjomba wake juu ya tofali, akaielekeza kwenye nyota za Nge, akapiga picha moja. Kilichoonekana kiooni ni weusi mtupu uliojaa chengachenga, mithili ya televisheni iliyopoteza mawimbi.

"Mjomba, simu yako hii ni mbovu," alisema kwa huzuni, na kidole chake tayari kilikuwa kinakwenda kuifuta picha ile.

Simu haikuwa mbovu. Kosa lilikuwa kuitaka picha moja ifanye kazi ya picha thelathini na sita.

CHENGA HUTOKA WAPI?

Ndani ya kila kamera ya siku hizi, hata ile ya simu, kimo kitambuzi kidogo cha mwanga kilichogawanywa katika vijumba mamilioni. Kila kijumba hupokea nuru na kuigeuza kuwa umeme, na umeme huo hugeuzwa kuwa namba. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa maabara ya Bell huko Marekani, Willard Boyle na George Smith, walibuni kitambuzi cha namna hiyo, na mwaka 2009 walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa ajili ya kazi hiyo. Simu za leo hutumia kitambuzi cha aina nyingine, lakini shabaha ni ile ile.

Mchana nuru ni tele, na kila kijumba hujaa. Usiku nuru ya nyota hudondoka kama maji ya bomba lililokaribia kukauka: tone hapa, tone pale, bila mpango. Tena kitambuzi chenyewe, kwa joto lake na umeme wake, huongeza namba za uongo. Namba hizo za kubahatisha ndizo chenga tuzionazo.

Hapa ndipo inapoingia kazi ya kupandanisha picha, yaani kupiga picha nyingi za sehemu ile ile ya anga, kuziweka moja juu ya nyingine, na kutafuta wastani wake. Ndugu msomaji, chukulia kwamba jambo limetokea sokoni, na mashahidi thelathini na sita wameitwa kulieleza. Kila mmoja ataongeza chumvi yake, lakini chumvi hizo hazitafanana. Lile wanalokubaliana wote ndilo lililotokea. Nyota ipo mahali pake katika kila picha, lakini chenga hubadilika katika kila picha. Wastani ukitafutwa, nyota hubaki na chenga hufifia.

Hesabu yake si ngumu. Ukipandanisha picha 4, chenga hupungua kufikia nusu. Ukipandanisha 9, hubaki theluthi moja. Ukipandanisha 36, hubaki sehemu moja ya sita. Lakini ukitaka kuzipunguza tena kwa nusu kutoka hapo, itakubidi upige picha 144. Mwanzoni faida huja upesi, na baadaye kila hatua hudai jasho zaidi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, nasi twaweza kuongeza kwamba kibaba cha mwisho ndicho kizito.

DUNIA HAISIMAMI

Pengine msomaji atauliza: kwa nini tusiiache kamera wazi kwa dakika tisa mfululizo, tukapata nuru yote katika picha moja? Jibu ni kwamba dunia yetu inazunguka, na kwa hiyo anga huonekana kusogea nyuzi 15 kila saa. Katika dakika tisa nyota husogea zaidi ya nyuzi mbili, yaani zaidi ya mara nne ya upana wa mwezi mpevu. Picha ya namna hiyo itaonyesha mistari badala ya nukta.

Ndiyo sababu sisi tulipiga picha 36, kila moja ikipokea nuru kwa sekunde 15 tu. Muda huo ni mfupi, kwa hiyo nyota hubaki nukta. Jumla yake ni dakika tisa zile zile. Kazi ya kuzirudisha nyota mahali pamoja huachiwa programu ya kompyuta. Programu huzitafuta nyota zing'aazo zaidi katika kila picha, hutazama maumbo yafanywayo na nyota hizo, kisha huizungusha na kuisogeza kila picha hata maumbo yale yalaliane sawasawa. Baada ya hapo ndipo huhesabu wastani.

Programu hizo si lazima zinunuliwe. DeepSkyStacker na Sequator hutolewa bure kwa kompyuta zitumiazo Windows. Siril nayo ni ya bure, na hufanya kazi katika kompyuta za aina nyingi. Kwa wenye darubini wanaotaka kupiga picha za sayari kama Mshtarii na Zuhali, iko AutoStakkert, ambayo huchagua picha zilizo kali kutoka katika mkanda wa video na kuzitupa zile zilizotikiswa na hewa.

KAZI YA USIKU ULE

Kabla ya yote tulimwarifu mwenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa watu wazima wanaosimama gizani shambani saa nne ya usiku waweza kudhaniwa wezi, au jambo baya kuliko wizi. Yeye mwenyewe alikuja na blanketi mabegani, maana baridi ya Mbozi mwezi wa Julai haina mzaha, akakaa nasi hadi mwisho.

Simu iliwekwa imara juu ya tofali na kukazwa kwa vijiwe. Tuliweka kipima muda cha sekunde chache, ili kidole kinapobonyeza kisiitikise picha. Kamera iliwekwa katika hali ya kurekebishwa kwa mkono, na lenzi ikalengwa mbali kabisa. Baada ya picha zile 36 tulipiga nyingine kumi huku lenzi imefunikwa kwa kitambaa cheusi kilichokunjwa, kwa muda ule ule wa sekunde 15. Hizo huitwa picha za giza. Hazionyeshi nyota hata moja. Huonyesha makosa ya kitambuzi chenyewe, na programu huyatoa makosa hayo katika picha za kweli. Ni sawa na kuupima mzani mtupu kabla ya kupima unga.

Kesho yake picha zilihamishiwa katika kompyuta ya mapajani. Kazi ilichukua muda mfupi kuliko kupika maharage. Ilipokwisha, kijana alinyamaza. Kati ya Nge na Mshale, pale ambapo picha moja ilionyesha chenga tu, palikuwa na mawingu ya nyota na mifereji myeusi ya vumbi la angani, na doa dogo lenye rangi ya waridi. Doa hilo ni wingu la gesi liitwalo Lagoon, mahali ambapo nyota mpya huzaliwa. Mparachichi wa uani ulikuwa umechakaa kama uliotikiswa na tufani, kwa sababu programu ilizifuata nyota na kuiacha ardhi. Hilo ni jambo la kawaida, na zipo njia za kulirekebisha.

KIMONDO KILICHOPOTEA

Lakini furaha ile haikudumu. "Mjomba," alisema kijana, "kimondo chetu kiko wapi?"

Usiku ule, katikati ya kazi, sote watatu tulikiona kimondo kikipasua anga upande wa kusini, na mwenyekiti alipiga makofi. Sasa katika picha iliyokamilika hakikuwapo, hata alama. Programu ilikuwa imekifuta. Ilikuwa imeona mstari mweupe katika picha moja, ikautafuta katika zile 35 nyingine isiuone, ikauhesabu kuwa ni chumvi ya shahidi mmoja.

Programu haikukosea kwa kadiri ya kanuni yake. Kanuni hiyo ndiyo iondoayo taa za ndege na njia za setelaiti, ambazo leo ni nyingi mno angani. Lakini kanuni haijui tofauti kati ya kosa na tukio la pekee. Hapo tuliikumbuka simu, ambayo kijana alikuwa amekwisha kuambiwa aisafishe ili ipate nafasi. Kwa bahati alikuwa bado hajazifuta picha za mwanzo. Katika picha ya kumi na tisa, kimondo kilikuwa pale pale, chembamba na safi, kati ya chenga zote.

Fundisho ni hili: picha iliyopandanishwa isiwe sababu ya kuzitupa zile ilizotokana nazo. Wastani husema kilichodumu, na picha moja moja husema kilichopita.

JIWE LA NDOLEZI

Katika mkoa huu jambo hilo lina uzito wa pekee. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kutoka ubavuni mwa Mkoa wa Mbeya, unajulikana duniani kwa sababu ya kitu kilichopita mara moja tu. Katika kijiji cha Ndolezi, kwenye kilima cha Marengi, limelala jiwe la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi, ambalo uzito wake hukadiriwa kuwa kati ya tani 12 na 16. Ni Kimondo cha Mbozi, mojawapo ya vimondo vikubwa vilivyopata kuonekana duniani. Sehemu yake kubwa ni chuma, na karibu asilimia tisa ni nikeli. Shimo la kuanguka kwake halionekani tena, dalili kwamba kilianguka maelfu ya miaka iliyopita.

Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott ndiye aliyekitangaza kwa ulimwengu. Desemba ya mwaka huo huo Dk. D. R. Grantham wa idara ya jiolojia alikikata kwa msumeno kwa saa nyingi, akapata kipande cha upana wa sentimeta kumi kwa ajili ya uchunguzi. Wengine walikuja baadaye kwa nia ndogo zaidi, wakamegua kwa ajili ya kumbukumbu, na makovu yao yanaonekana kwenye ncha ya jiwe hadi leo. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mpiga picha wa nyota hachukui kitu. Anga aliyoipiga mara 36 hubaki nzima kwa ajili ya jirani yake.

JE, NI PICHA ZA KWELI?

Wako wasemao kwamba picha iliyopikwa katika kompyuta ni ya uongo. Swali hilo ni la haki, hasa siku hizi ambapo picha za kubuni zimejaa katika simu zetu. Jibu ni kwamba kupandanisha hakuongezi kitu ambacho kamera haikukipokea. Atakayebandika mwezi mkubwa juu ya Njia ya Maziwa huyo amedanganya. Atakayesema wazi, "Hizi ni picha 36 za sekunde 15," huyo amesema kweli, na mwingine aweza kurudia kazi yake na kumhakikisha.

Wataalamu wakubwa nao hufanya vivyo hivyo. Desemba 1995 darubini ya Hubble ilielekezwa kwa siku kumi kwenye kipande cha anga kilichoonekana kitupu. Picha 342 zilipounganishwa, zilionekana galaksi zipatazo 3,000. Na mwezi Juni 2025 kituo cha Vera C. Rubin huko Chile kilitoa picha ya wingu lile lile la Lagoon na jirani yake Trifid, iliyotokana na picha 678 zilizopigwa kwa zaidi kidogo ya saa saba. Tofauti ya vyombo ni kubwa kupita kiasi, lakini kanuni ya Chile na kanuni ya tofali la Mbozi ni moja.

Kwa wazazi wa Tunduma, na wa miji yote ambako taa zimezifukuza nyota, shauri letu ni rahisi. Likizo ya katikati ya mwaka watoto wanapokwenda shamba kwa bibi na babu, wapeni ruhusa ya usiku mmoja, sweta nzito, na mtu mzima wa kukaa nao. Waache wapige picha ya kwanza ikaharibika. Wapige tena, na tena. Na kabla hawajafuta lolote, wazitazame zote moja moja.

Katika nyumba yetu picha mbili zimebandikwa ukutani bega kwa bega: ile iliyotokana na picha 36, na ile ya kumi na tisa. Mgeni akiingia, kijana humwonyesha kwanza ile yenye chenga.