Noah Inapochemsha Foleni ya Msimbazi

Noah imejaa watoto watokao madrasa, foleni ya Msimbazi haisogei, na mshale wa joto unapanda. Zima injini, wala usifungue kifuniko cha rejeta mpaka ipoe. Mvuke wake huunguza uso. Mafundi wengi hushauri thamostati itolewe na rejeta ijazwe maji ya bomba. Usikubali. Bila thamostati injini huchelewa kupata joto lake na hula mafuta zaidi. Maji matupu huleta kutu, nayo huziba rejeta. Tia kulanti, kagua feni na mipira ya maji. Ukinunua rejeta iliyotumika huko Gerezani, ulizia kasoro zake: sheria ya Kiislamu humlazimu muuzaji kuitaja aibu aijuayo, na aliyefichwa ana haki ya kurudisha bidhaa.