Kamera Katika Sinema: Picha Inapokuzwa Kupita Kiasi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza jinsi kamera ndogo inayotumia mkanda wa milimita 35, iliyobuniwa na Oskar Barnack na kuonyeshwa hadharani na kampuni ya Leitz mjini Leipzig mwaka 1925, ilivyomtoa mpiga picha katika studio na kumpeleka barabarani. Sehemu hii inafuata kamera hiyo ilipoingia ndani ya hadithi za sinema zenyewe, ikashikwa na mhusika mbele ya watazamaji na kuamua hatima yake. Sinema mbili zinastahili kutangulizwa, nazo ni Rear Window ya mwaka 1954 na Blow-Up ya mwaka 1966, kwa sababu waongozaji wake waliijua kamera pamoja na mipaka yake, na mipaka hiyo ndiyo waliyoifanya uti wa mgongo wa hadithi. Sinema na tamthilia nyingi zilizokuja baadaye ziliifuta mipaka hiyo, na watazamaji wakarithi imani potofu kuhusu kile ambacho picha inaweza kuthibitisha, imani ambayo siku hizi imefika hadi mahakamani.

Rear Window, iliyoongozwa na Alfred Hitchcock, ilitokana na hadithi fupi ya Cornell Woolrich iliyochapishwa mwaka 1942. Inamhusu mpiga picha wa magazeti, Jefferies, anayeigizwa na James Stewart, ambaye amevunjika mguu na kulazimika kushinda kwenye kiti cha magurudumu dirishani mwa nyumba yake jijini New York, akiwatazama majirani wa ng’ambo ya ua hadi anaanza kushuku kwamba mmoja wao amemuua mkewe. Kamera anayoitumia ni Exakta, iliyotengenezwa na kampuni ya Ihagee mjini Dresden, Ujerumani Mashariki, ingawa jina lake limefunikwa lisionekane. Hiyo ni kamera yenye kioo kilichowekwa nyuma ya lenzi, ambacho huupeleka mwanga juu hadi kwenye jicho la mpiga picha, hivyo kwamba anachokiona ndicho hasa kinachoonwa na lenzi. Mpangilio huo huiwezesha kamera kutumika kama darubini pindi inapofungwa lenzi ndefu, na ya Jefferies ina lenzi ya milimita 400. Kipimo hicho huitwa urefu wa fokasi, maana yake umbali kutoka katikati ya lenzi hadi mahali ambapo miale ya kitu kilicho mbali sana hukutana na kufanya taswira. Kadiri umbali huo unavyokuwa mrefu, ndivyo taswira inavyokuwa kubwa. Kwa kuwa lenzi ya kawaida ya kamera hiyo ni ya milimita 50, Jefferies anamwona jirani yake akiwa mkubwa mara nane.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mtaalamu huyu, pamoja na vifaa vyote hivyo, hampigi jirani huyo hata picha moja. Picha inayomsaidia ni slaidi, yaani kipande cha mkanda kinachoonyesha rangi halisi kikimulikwa, alichokuwa amepiga majuma kadhaa kabla bila kushuku lolote, na anapokilinganisha na bustani ya sasa anagundua kwamba maua fulani yamekuwa mafupi kuliko zamani, dalili kwamba udongo umefukuliwa. Ushahidi huo hautokani na kukuza chochote. Unatokana na kulinganisha hali ya mahali pamoja kwa nyakati mbili, kazi ambayo upigaji picha uliweza kuifanya kwa uaminifu tangu mwanzo wake. Hata pambano la mwisho limejengwa juu ya upungufu wa kifaa. Jefferies anajikinga gizani kwa kumpofusha mshambuliaji kwa taa ya flashi, lakini balbu za flashi za wakati ule ziliungua mara moja tu na kuhitaji kubadilishwa, na katika muda wa kuchomoa balbu moja na kuchomeka nyingine adui anapata nafasi ya kusogea. Mtazamaji asiyejua hivyo ataiona ni hila ya mwongozaji, kumbe ni utaratibu ambao kila mpiga picha wa enzi hiyo aliuishi.

Blow-Up ya Michelangelo Antonioni inakwenda mbali zaidi, na pengine hakuna sinema nyingine iliyoufikiria upigaji picha kwa kina namna hiyo. Chanzo chake ni hadithi fupi ya mwandishi wa Argentina, Julio Cortázar, lakini Antonioni aliihamishia London ya miaka ya sitini, mji uliokuwa kitovu cha mitindo ya mavazi na muziki wa vijana. Mhusika mkuu, anayeigizwa na David Hemmings, ni mpiga picha wa mitindo anayetumia Nikon F, kamera ya Japani iliyoingia sokoni mwaka 1959 na kupendwa haraka na waandishi wa habari kwa uimara wake. Siku moja anawapiga picha mwanamume na mwanamke bustanini, mwanamke anamfuata akidai apewe mkanda, na madai hayo yanamfanya aingie katika chumba cha giza kutafuta kilichofichwa humo. Picha kubwa zinazoonekana katika sinema hiyo zilipigwa na Don McCullin, mpiga picha wa vita wa Uingereza, na huenda ndiyo sababu zina ukweli ambao picha za kuigiza hukosa.

Ili kuelewa kinachotokea katika chumba hicho cha giza ni lazima kueleza mkanda ulivyo. Uso wa mkanda wa rangi nyeusi na nyeupe umepakwa utando wa jelatini wenye fuwele ndogo mno za chumvi za madini ya fedha. Fuwele iliyoguswa na mwanga wa kutosha hugeuka kuwa fedha nyeusi pindi mkanda unaposafishwa katika dawa, na ile isiyoguswa huondolewa, kwa hiyo picha nzima ni mkusanyiko wa punje nyeusi zilizosongamana mahali pengine na kutawanyika mahali pengine. Kipande kimoja cha mkanda wa milimita 35 kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Mashine ya kukuzia inapokimulika na kuitupa picha yake kwenye karatasi yenye upana wa sentimita 36, kila kitu huwa kikubwa mara kumi kwa upana na mara mia kwa eneo, zikiwemo punje zenyewe. Kukuza huku hakuongezi habari hata kidogo: kilichoandikwa na mwanga siku ya kupiga picha ndicho kilichopo, na baada ya kiwango fulani jicho huacha kuona uso au mkono likaanza kuona punje.

Mpiga picha wa Antonioni anakuza, anatundika picha ukutani, anakuza tena sehemu ya picha, kisha anaipiga picha ile picha iliyokwisha kukuzwa ili aikuze zaidi. Mwanzoni anafaulu: kwenye vichaka anauona mkono wenye bastola. Lakini kila hatua anayosogea karibu na jambo alitafutalo, picha inamomonyoka, hata ile inayodaiwa kuonyesha maiti inabaki kuwa madoa meupe na meusi. Picha nyingine na mikanda yake inapoibwa, inasalia hiyo moja iliyokuzwa kupita zote, na mwanamke mwingine anayeonyeshwa picha hiyo anasema inafanana na michoro ya msanii mwenzao, michoro isiyo na umbo la kitu chochote. Sinema inaisha bila maiti, bila picha iliyo wazi na bila jibu. Wapo waliolalamika kwamba Antonioni aliwanyima watazamaji haki ya kujua, lakini lalamiko hilo halina uzito, kwa kuwa jibu lolote lingekuwa uongo juu ya mkanda wa milimita 35.

Uongo huo ulikuja baadaye, ukiwa umevikwa uzuri. Katika Blade Runner ya Ridley Scott ya mwaka 1982, mpelelezi anaiweka picha ya kawaida katika mashine, anaiamuru kwa sauti isogee na ikuze, na mashine inampeleka ndani ya picha hadi kwenye kioo kilichomo chumbani na kumwonyesha mtu aliyefichwa na ukuta. Kwa hadithi ya wakati ujao ubunifu huo unaruhusika, tena umefanywa kwa ustadi mkubwa. Tatizo ni kwamba tamthilia za upelelezi za televisheni, hasa kuanzia CSI iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 2000, zilichukua mbinu hiyo na kuiweka katika maabara za polisi wa leo, zikionyesha fundi akibonyeza kitufe na uso uliofifia ukawa safi kabisa.

Kamera ya dijitali haina punje za fedha, ila ina pikseli, yaani vituo vidogo vya kupokea mwanga ambavyo kila kimoja hutoa namba ya mng’ao na rangi. Uso wa mtu aliye mbali ukiangukia pikseli 10 kwa upana na 12 kwa kimo, zimehifadhiwa pikseli 120 na si zaidi. Programu inayokuza sehemu hiyo hujaza nafasi mpya kwa kukadiria thamani zilizo kati ya pikseli jirani, na makadirio hayo huifanya picha ionekane laini bila kuongeza alama yoyote ya uso. Programu za akili mnemba, ambazo ni mifumo ya kompyuta iliyofundishwa kwa picha nyingi mno, huvuka mpaka huo: huchora macho na midomo inayofanana na ile iliyomo katika picha ilizofundishwa, na matokeo yake yanavutia kuliko picha ya asili ilhali si ya mtu huyo. Mwaka 2023, baada ya mjadala mkubwa, kampuni ya Samsung ilieleza kwamba baadhi ya simu zake huutambua mwezi unapopigwa picha na kutumia akili mnemba kuukazia maelezo yake. Kwa mwezi madhara ni madogo, kwa kuwa sura yake inajulikana. Kwa uso wa mshukiwa madhara yake ni kifungo.

Mahakama zimeanza kulikabili jambo hili. Novemba 2021, katika kesi ya mauaji iliyosikilizwa mjini Kenosha, jimbo la Wisconsin, mawakili wa utetezi walipinga waendesha mashtaka kukuza video kwa vidole kwenye iPad, wakidai kwamba kifaa hicho huongeza visivyokuwepo. Maelezo yao ya kiufundi yalikuwa na chumvi nyingi, lakini swali lenyewe lilikuwa halali. Mwaka 2024, katika kaunti ya King, jimbo la Washington, jaji alikataa kupokea video ya simu iliyokuwa imeboreshwa kwa akili mnemba, kwa sababu njia hiyo haikuwa imekubaliwa na wataalamu wa uchunguzi wa video. Uamuzi huo ulikuwa sahihi.

Kwa hiyo, msomaji aliye na picha au video ya ajali, wizi au ugomvi wa mpaka wa shamba, ambayo huenda ikahitajika siku moja, anashauriwa ahifadhi faili la asili kama lilivyotoka kwenye kamera au simu, asilikuze wala kulipaka urembo wa programu yoyote, na asitegemee nakala iliyotumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa kuwa mtandao huo hupunguza pikseli ili kuokoa data. Akilazimika kuituma, aitume kama hati.