Taa za Kukuzia Matumbawe: Mwanga Nao ni Chakula

Mkulima akisikia habari za taa za kumulikia matumbawe ndani ya tangi la kioo, huenda akasema, “Hayo ni mambo ya wenye mali, mimi yanihusu nini?” Lakini vijana wa skimu zetu za pwani hupata kazi katika mahoteli, na baadhi yao hukabidhiwa matangi ya namna hiyo. Basi makala hii ni yao, na ya wazazi wao pia, kwa maana hasara tutakayoisimulia ilipata dawa yake katika kitalu cha mikorosho.

Kijana mmoja, mtoto wa mkulima wa skimu ya makazi katika Kaunti ya Kilifi, alikuwa akitunza tangi la maji ya chumvi katika hoteli. Tangi hilo lina urefu wa sentimita 240, upana 75 na kina 60, yaani lita 1,080 likijaa. Mwenye hoteli alichoshwa na gharama ya umeme, akanunua taa mpya za LED. Zikafungwa Jumamosi, zikawashwa kwa nguvu zote. Kufikia Jumamosi ya pili, matumbawe ya juu yalikuwa meupe kama chokaa. Kijana akaambiwa kwamba yakifa, na kazi yake imekwisha.

Alipofika nyumbani na huzuni yake, mzee wake alimwuliza, “Mwanangu, mche wa mkorosho uliokulia kivulini, wewe huutoa na kuuweka juani siku moja?”

“La, Baba. Tunapunguza kivuli kidogo kidogo.”

“Basi hao wako wa baharini umewafanyia nini?”

MATUMBAWE NI MIFUGO

Matumbawe si mawe, wala si mimea. Ni wanyama wadogo wanaojijengea nyumba ya chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hutumia mwanga kutengeneza chakula, kama jani la mhindi linavyofanya, kisha humgawia mwenyeji wake sehemu kubwa. Kwa hiyo anayechagua taa ya tangi anachagua malisho.

Mwanga ukiwa haba, matumbawe hugeuka rangi ya udongo na kudumaa. Mwanga ukizidi ghafla, au maji yakipata joto kupita kiasi, mwani huo hutoka, na matumbawe hubaki meupe. Ndivyo ilivyotokea baharini mwaka 1998, joto lilipoua matumbawe mengi ya pwani ya Kenya. Lakini weupe si kifo papo hapo. Shida ikiondolewa mapema, mwani huweza kurudi.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

Kwanza, rangi ya mwanga. Maji ya bahari humeza mwanga mwekundu upesi, bali wa buluu hufika mbali chini. Mwani wa matumbawe umezoea huo wa buluu. Chagua taa iliyo na buluu nyingi, pamoja na nyeupe kiasi ili macho ya watu nayo yapendezwe. Taa nyeupe ya kawaida ya nyumbani haitoshi. Na ikumbukwe kwamba taa za buluu zenye nguvu zilipatikana miaka ya 1990. Waliozivumbua, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Pili, nguvu ya mwanga. Usinunue kwa kutazama wati peke yake, kwani wati ni umeme unaoliwa, si mwanga unaofika. Lumeni nazo hupima mwanga kwa jicho la mtu. Kipimo cha kufaa huitwa PAR, nacho huhesabu mwanga ambao mmea au mwani waweza kuutumia. Matumbawe laini huridhika na PAR 50 hadi 150. Yale ya matawi magumu hutaka 200 hadi 350. Azima au kodi kipima PAR, upime juu, katikati, chini na pembeni, kisha weka kila namna mahali pake: wapenda jua juu, wapenda kivuli chini.

Tatu, kuenea. Taa moja kali katikati ya tangi refu ni kama kumwaga mbolea yote katika shimo moja. Taa nyingi za LED humulika vizuri eneo la sentimita 60 kwa 60 hivi. Kwa hiyo tangi la sentimita 240 lahitaji taa nne zilizopangwa kwa mstari. Ukiziinua, mwanga huenea lakini hupungua, ukizishusha, hukaza. Anza na sentimita 25 hadi 30 juu ya maji.

Nne, uimara. Chumvi hula chuma. Tafuta taa iliyofungwa vizuri, yenye njia ya kutolea joto, na inayoweza kupunguzwa nguvu. Waya ushuke chini kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili maji yadondoke yasiingie ndani. Tena sharti pawe na swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja.

HESABU YA GHARAMA

Hoteli ile ilikuwa na taa tatu za zamani za wati 400, jumla wati 1,200. Kwa saa 9 kwa siku zilikula yuniti 10.8. Taa nne za LED za wati 150 ni wati 600, yaani yuniti 5.4. Kwa siku 30, yuniti 162 zimeokolewa. Tena joto linaloingia majini hupungua. Ununuzi ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa haraka.

KUZOESHA

Kijana alirudi kazini, akapunguza taa hadi asilimia 40, akaziwasha saa 6 tu kwa siku. Kila wiki aliongeza asilimia 5, huku akitazama. Palipoanza weupe, alirudi nyuma. Baadhi ya matumbawe yalikufa, lakini mengi yalirudisha rangi, na kazi yake ikabaki.

Onyo la mwisho: usiende kuvunja matumbawe baharini ili kujaza tangi. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zinalindwa tangu mwaka 1968, na biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi husimamiwa na mkataba wa CITES. Aliye na tangi na akate vipande vya matumbawe yake mwenyewe, avipandikize, kama tunavyopanda mihogo kwa vijiti. Na mwenye taa mpya na akumbuke kitalu cha mzee: kivuli huondolewa kidogo kidogo.