Kofia za kukata upepo: Faida ipo, lakini si kwa kila kichwa

MASHINDANO ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali, Rwanda, Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, yaliwaonyesha mashabiki wa kanda hii bidhaa ambayo wengi walikuwa wakiiona kwenye televisheni tu: kofia ngumu ya kukata upepo. Kwa mwenye duka la baiskeli, swali ni moja. Je, bidhaa hiyo inafaa kufungia mtaji?

Bidhaa yenyewe si ngeni. Katika Tour de France ya mwaka 1989, Greg LeMond wa Marekani aliingia siku ya mwisho akiwa nyuma ya Laurent Fignon wa Ufaransa kwa sekunde 50. Katika kilomita 24.5 za kutoka Versailles hadi Paris, LeMond alivaa kofia iliyochongoka nyuma na kutumia usukani wa kulalia. Fignon alikwenda kichwa wazi. LeMond alitwaa ubingwa kwa tofauti ya sekunde 8. Kofia peke yake haikumpa ushindi, lakini wauzaji walipata hadithi ya kuuzia.

Msukumo wa pili ulitokana na msiba. Mwaka 2003, baada ya Andrei Kivilev wa Kazakhstan kuanguka na kufariki katika Paris–Nice akiwa hana kofia, Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli (UCI) lilifanya kofia kuwa lazima. Mwaka 2011 Mark Cavendish wa Uingereza alishinda ubingwa wa dunia mjini Copenhagen akiwa amefunika matundu ya kofia yake kwa plastiki. Miaka michache baadaye makampuni ya Giro na Specialized yalileta sokoni kofia za barabarani zenye ganda lililozibwa zaidi.

Nani ananufaika?

Hesabu ni rahisi. Nguvu inayohitajika kupasua upepo huongezeka mara nane kila mwendo unapoongezeka mara mbili. Kwa mfano, kofia inayomwokolea mwendeshaji wati 8 katika mwendo wa kilomita 40 kwa saa, itamwokolea wati 1 tu akienda kilomita 20. Kwa hiyo mteja wa kweli ni mshindani au mwanachama wa klabu anayekimbia tambarare. Anayekwenda kazini polepole ananunua sura.

Aidha, ganda lililozibwa hupunguza hewa kichwani. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, na hasa kwenye mlima ambako mwendo hupungua, kofia ya matundu mengi inaweza kumfaa mtu zaidi. Umbo nalo lina masharti yake: kofia yenye mkia mrefu hukata upepo kichwa kikiwa kimetulia. Mwendeshaji akiinamisha uso kutazama gurudumu, mkia huinuka na faida hupungua. Ndiyo maana ya barabarani ina mkia mfupi, na ndefu imeachiwa mbio za kushindana na saa.

Bei na usalama

Kofia za daraja la juu za makampuni makubwa huuzwa dola 200 hadi 300 na zaidi. Hata hivyo, bei si kipimo cha usalama. Chuo Kikuu cha Virginia Tech cha Marekani, ambacho tangu mwaka 2018 hutoa nyota kwa kofia za baiskeli, kimezipa nyota tano hata baadhi ya zile za chini ya dola 100.

Mnunuzi atazame kwanza alama iliyobandikwa ndani: EN 1078 kwa Ulaya, au CPSC kwa Marekani, ambayo ni lazima kwa kofia zilizotengenezwa tangu Machi 1999. Isiyo na alama iachwe, hata ikiwa ya bei ya kutupa. Za mitumba ni hatari zaidi. Povu gumu lililo ndani hufanya kazi yake kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Kofia iliyokwisha kuanguka inaweza kuonekana nzima kwa nje, na muuzaji wa marobota hana namna ya kujua ilikotoka.

Mwenye duka akumbuke pia kwamba kofia huja kwa saizi. Aina moja kwa saizi tatu na rangi mbili tayari ni vipande sita. Isiyomkaa mteja vizuri haina faida ya upepo wala ya usalama. Wenye mtaji mdogo wangefanya vizuri kupima vichwa, kuchukua oda na malipo ya awali, kisha kuagiza.

Tahadhari kwa wawekezaji

Kanuni nazo hubadilika. UCI ilipiga marufuku soksi ya kichwa iliyoambatana na kofia ya Specialized TT5 kuanzia 2 Aprili 2024. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba kofia za mbio za saa hazitaruhusiwa katika mbio za barabarani za kuanza pamoja kuanzia 1 Januari 2026. Aliyejaza stoo kwa kufuata mtindo wa msimu mmoja anaweza kubaki na mzigo usio na mnunuzi.

Somo kama hilo limeonekana kwenye soko la hisa. Mips ya Sweden, inayouza kwa watengenezaji utando unaoteleza ndani ya kofia ili kupunguza mzunguko wa kichwa wakati wa ajali, iliingia soko la Stockholm mwaka 2017 kwa krona 46 kwa hisa. Mwaka 2021, baiskeli zikinunuliwa kwa wingi duniani, hisa hiyo ilivuka krona 1,000. Mwaka uliofuata maduka yalijikuta na akiba kupita kiasi, na bei ikaporomoka. Walionunua kileleni walilipia msisimko wa soko, ingawa teknolojia ilikuwa ile ile.

Kwa duka la kawaida, kofia ya matundu yenye alama halali ndiyo bidhaa ya kuweka rafuni. Ya kukata upepo iwe ya oda.