Kabla ya kuandika dawa, muulize mgonjwa

Misafara iliyotoka pwani, baada ya kuimaliza nyika ya Mgunda Mkali, ilipita Tura, Rubuga na Kigwa ndipo ikaingia Tabora. Kigwa imezoea wageni. Siku hizi miongoni mwao wamo matabibu na wauguzi waliopangiwa kazi wilaya ya Uyui, wengine wasiojua neno la Kinyamwezi. Mbele yao huketi mama anayesema hapati usingizi, moyo unamwenda mbio na kichwa kimejaa mawazo.

Huenda mama huyo ameshafika kwa mfumu, yaani mganga wa jadi. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi, kwa asilimia 48 ya wateja wa waganga wa jadi, dhidi ya asilimia 24 katika vituo vya afya. Hiyo ni Dar, yenye hospitali kila upande; sembuse Kigwa.

Wanafuata nini kwa waganga? Mfumu huuliza habari za ukoo, mizimu na majirani. Katika Buswezi, chama ambacho mtafiti Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1955, mgonjwa aliyeshikwa na pepo huingizwa kwa ngoma na kupata jamaa wapya. Zahanati yenye foleni humpa vidonge na kumwita anayefuata.

Tabibu hahitaji kupiga ngoma. Mwaka 1978 daktari wa akili Arthur Kleinman na wenzake, Marekani, walipendekeza maswali mepesi: ugonjwa huu unauitaje? Unadhani umeletwa na nini? Unaogopa nini zaidi? Mwaka 2013 mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5, ulitoa mahojiano ya maswali 16 ya aina hiyo.

Kuuliza si kukubali kila jibu. Mgonjwa akimtaja bibi jirani kuwa ndiye mchawi, tabibu asikilize hofu yake bila kuithibitisha tuhuma: Tabora na Shinyanga, vikongwe wameuawa kwa maneno kama hayo. Na mwenye kifafa anahitaji dawa ya kila siku, hata kama ukoo unakiita pepo.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2002 inatambua tiba asili, kwa hiyo hakuna sababu ya mgonjwa kuficha mizizi anayokunywa. Akikemewa ataificha, na dawa mbili zinaweza kugongana mwilini mwake. Halmashauri ziwafundishe watumishi wapya kuuliza maswali ya aina hii kabla ya kuwakabidhi chumba cha wagonjwa.